Kutoka Mhunze Hadi Katoro Kutafuta Pikipiki ya Kimo Changu

Mhunze, Jumatatu asubuhi. Safari hii niliifunga kwa sababu ya ng'ombe. Mimi ni afisa mifugo wa kata moja ya Wilaya ya Kishapu, na chanjo ya ng'ombe ina saa yake: wakiwa bado zizini, kabla ya kutolewa kwenda malishoni. Ukichelewa nusu saa unakuta mlango wazi na samadi ya moto, kisha unarudi na deli lako la chanjo barafu ikiyeyuka njiani. Kwa miaka miwili nilitegemea bodaboda, na bodaboda wa kwetu asubuhi wana abiria wao wa kila siku. Mimi nilikuwa wa mwisho kuchukuliwa. Msimu uliopita, katika vijiji vitatu vya ng'ambo ya mto, nilikuta mazizi matupu mara nyingi kuliko nilivyokuta ng'ombe, na familia moja ikapoteza ndama wanne kwa chambavu, ugonjwa ambao sindano yangu ingeuzuia. Hawakunilaumu hata kwa neno moja. Wangenilaumu ningelala vizuri zaidi.

Mkuu wangu wa kazi, Mama Ndaki, hana tabia ya kuzunguka mbuyu. Aliniita akasema, "Minza, chanjo ijayo ikikukuta huna pikipiki unayoiendesha mwenyewe, vile vijiji vitatu nampa mwenzako mwenye usafiri. Sikuadhibu. Nawaonea huruma ng'ombe."

Akanipa likizo ya wiki moja. Kuendesha nilifundishwa chuoni na leseni ninayo. Akiba pia ninayo. Tatizo langu ni kimo. Katika picha za shule mimi ndiye niliyepangwa mstari wa mbele, na mpiga picha bado akaniomba nisogee mbele kidogo. Pikipiki ya ofisi niliwahi kuijaribu uani, vidole vya miguu vikaning'inia hewani, nikaanguka nayo mbele ya wafugaji waliokuja kuchukua vibali. Walinisaidia kuinuka kwa heshima zote, halafu wakaenda kuchekea nyuma ya ghala.

Shinyanga mjini, siku hiyohiyo, saa tano. Niliingia kwa wauza pikipiki zilizotumika nikiwa na uhakika kwamba najua kuchagua. Mimi ni binti wa mfugaji na ni mtaalamu wa mifugo, sasa nikose macho? Nikazikagua kama tunavyokagua maksai mnadani. Nikatazama tairi kama anayetazama meno. Nikazunguka nyuma. Nikaikandamiza siti kwa mikono miwili, kama baba alivyonifundisha kukandamiza mgongo wa dume la kulimia, na kila iliyobonyea nikaikataa. Nilitaka ngumu, ndefu, yenye mifupa, maana nilikuwa na deli la kubeba na barabara zetu hazina adabu.

Muuzaji alifurahi kumpata mteja mjuzi. Akanitolea tatu, moja ngumu kuliko nyingine. Nikapanda ya kwanza, miguu haikufika chini. Ya pili nayo hivyohivyo. Kwenye ya tatu nikainama upande mmoja mpaka muuzaji akaishika kwa nyuma isituangukie sote wawili.

"Dada," akasema, "pikipiki haziuzwi kwa namba kama viatu."

Jirani yake akapendekeza skuta yenye magurudumu madogo. Ilikuwa nzuri na ilinifaa kimo, lakini kwenye udongo wetu mweusi wa mbugani mvua ikinyesha ingezama mpaka kwenye taa. Nikashukuru, nikatoka. Nilikaa kwenye benchi la muuza chai karibu na stendi, nikalia kidogo, chai ikapoa. Kisha nikampigia shangazi yangu, Mama Shija, dada yake baba, anayeishi Katoro huko Geita na anayepeleka chakula kwa wachimbaji kwa pikipiki yake. Nikamweleza yote. Akauliza swali moja tu: "Ulizikandamiza?" Nikajibu ndiyo. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Kesho panda basi uje," akasema.

Barabarani, Jumanne. Tulipita Didia watu wakiwa mashambani, tukakunja Tinde, tukala mahindi ya kuchoma Kahama. Kutoka hapo nilikaa dirishani nikiangalia pikipiki tu. Nilizoea pikipiki za kwetu zenye marobota ya pamba na mbuzi aliyefungwa miguu. Kadiri tulivyoikaribia Ushirombo mizigo ilibadilika. Sasa ilikuwa viroba vya mawe, viwili au vitatu, vimelazwa nyuma ya dereva na kufungwa kwa mipira. Mawe yale yanatoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, yanapelekwa kwenye karasha kusagwa ili dhahabu itafutwe ndani yake. Niliona pikipiki nyingi, na zote zilikuwa na mzigo. Wakati huo hilo halikuniambia kitu.

Katoro, saa kumi jioni. Shangazi alinisubiri stendi. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye ni mfupi kuliko mimi. Amevaa gambuti, kilemba cha kitenge ndani ya kofia ngumu, na amekaa juu ya pikipiki iliyozimwa, mguu mmoja chini, ametulia kama aliyekaa sebuleni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Panda. Usinishike kiuno, una vidole vya baridi toka utotoni."

Nyumbani alinilisha ugali wa mtama na sangara, akanieleza nisichokuwa nimewahi kumuuliza. Mumewe alipofariki, chakula alichokuwa akiuza kilikuwa kinafika kwenye maduara kimepoa kwa sababu waendesha bodaboda walikuwa wakipakia kwanza viroba. Wachimbaji wakaanza kununua kwa wengine. Basi akajifunza kuendesha akiwa na miaka arobaini na sita. Nilimwangalia nikajisikia vibaya kwamba miaka yote nilimjua kama shangazi anayetuma samaki wakavu, basi.

Jumatano asubuhi, kwa fundi. Fundi Mussa ana kibanda karibu na karasha, na kila kitu pale kina vumbi la kijivu, mpaka kope zake. Nje kulikuwa na pikipiki nyekundu ya kuuzwa, CC mia na ishirini na tano, iliyobeba viroba kwa mwaka mmoja. Shangazi akaniambia niikague nionavyo mimi. Nikazunguka nyuma, nikaikandamiza. Haikubonyea. Nikaitikia kwa kichwa, nimeridhika, halafu nikapanda. Vidole vikaning'inia.

Fundi na shangazi wakatazamana. "Wasukuma nyie," akasema fundi, ambaye ametokea Tanga, "mnanunua pikipiki kama mnaoa. Lazima iwe na umbo."

Kisha akamwita mpakiaji mmoja, wakaweka viroba viwili vya mawe nyuma yangu na kuvifunga. Nikahisi pikipiki ikishuka chini yangu, taratibu, kama ng'ombe anayelala. Nyayo zangu zikagusa ardhi. Zote mbili, karibu hadi visigino.

Nilipiga kelele. Sioni aibu kusema.

"Sasa unaona," akasema shangazi. "Hizi zimeongezwa springi ili zikibeba mawe zisiburuze. Zikiwa tupu zinasimama juu kama jogoo. Halafu nyie mnakuja kuzipima zikiwa tupu, na inayobonyea mnasema mbovu. Wewe unabeba deli la barafu na sindano. Hununui maksai, Minza. Hakuna jembe utakalolifunga hapa."

Nikakumbuka kule Shinyanga nilivyozikataa moja baada ya nyingine zile zilizobonyea. Nilikuwa nimezikataa zote ambazo huenda zingenifaa, tena kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa ujuzi.

Fundi hakutaka ninunue kabla hajamaliza kazi, ili niijaribu kwanza. Aliondoa springi za nyongeza. Akaifungua siti akakuta sponji mbili, moja ya kiwandani na nyingine ya godoro, akaitoa ya godoro. Kisha akanikalisha tena, akachukua kisu akachonga siti pembeni, pale mapaja yanapopita. "Watu wanatazama urefu tu," akasema. "Siti ikiwa pana, miguu inaenda nje badala ya kwenda chini." Alichonga kidogo, akanipandisha, akanishusha, akachonga tena, kama mshonaji anayepima gauni la harusi. Mwishoni sehemu ya mbele ya miguu yote miwili ilikaa chini imara. Visigino havikufika. Nikamwambia visigino bado.

"Visigino vya nini?" akajibu shangazi. "Unataka kusimama au kucheza ngoma?" Nikacheka, nikatoa akiba yangu nikailipia.

Alhamisi na Ijumaa, uwanjani. Kwa siku mbili shangazi aliwaachia majirani wateja wake, jambo ambalo majirani waliniambia hajawahi kulifanya hata akiwa na malaria. Alinifundisha katika uwanja wa mpira kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. La kwanza, kusimama kwa mguu mmoja: wa kushoto chini, unyayo mzima, wa kulia unabaki kwenye breki. Nilikuwa nimehangaika miaka yote kushusha miguu miwili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana pikipiki ya ofisi ilinishinda. La pili, macho. "Usisimame popote pikipiki inapotaka," alirudia mpaka sauti ikakauka. "Tafuta mahali pa mguu wako kabla hujasimama. Mrefu anaweza kuzubaa. Sisi hatuwezi." La tatu, kuiangusha kwa makusudi na kuiinua: kuipa mgongo, kuchuchumaa, kusukuma kwa miguu badala ya kuvuta kwa mikono. Niliiinua mara tisa siku ya Ijumaa. Mara ya tisa wachimbaji waliokuwa wakipita walinipigia makofi, na safari hii hakuna aliyekwenda kuchekea nyuma ya ghala.

Jumamosi, kurudi. Shangazi hakuniruhusu kuendesha njia yote, na namshukuru. Alimwomba dereva wa fuso anayepeleka mchele Shinyanga, tukaifunga pikipiki nyuma, mimi nikakaa mbele. Wakati wa kuagana nilipiga goti pale stendi kama tunavyofanya nyumbani. "Wabeja sana, shangazi," nikamwambia. Asante ya Kisukuma ndiyo iliyokuja. Akaniinua kwa kiwiko. "Inuka, utachafua suruali," akasema, akageuka upesi. Niliona mabega yake yakitikisika.

Kolandoto, Jumapili saa mbili asubuhi. Dereva wa fuso alinisogeza hadi hapa, nje ya mji wa Shinyanga, na kuanzia hapa niliendesha mwenyewe. Nilikwenda polepole kiasi kwamba bibi kizee mwenye baiskeli angeweza kunipita. Karibu nusu ya njia mbuzi walivuka, nikashika breki bila kutazama, mguu wa kushoto ukatafuta ardhi ukakuta mteremko wa mtaro. Tukalala chini, mimi na nyekundu yangu. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia dengu alikuja mbio na jembe lake. "Pole, ng'wanone, mwanangu, umeumia?" Sikuwa nimeumia. Nikaipa pikipiki mgongo, nikachuchumaa, nikaisukuma hadi ikasimama, na mama yule akaishika usukani nisije nikaipeleka upande wa pili. Kosa lilikuwa langu, sikutafuta mahali pa mguu kabla ya kusimama, na nilijua namna ya kutolirudia. Sikuwa na hofu niliyokuwa nayo uani ofisini. Mama yule alinipa maji ya kunawa, na jina lake sikumbuki kama nilimuuliza. Popote alipo, Mungu ambariki.

Mhunze, Jumatatu. Mama Ndaki alitoka nje, akanitazama nikizunguka mti wa ofisi mara mbili na kusimama kwa mguu mmoja. Hakunisifu. Alisema, "Ng'ambo ya mto, keshokutwa," akarudi ndani. Mimi nikaenda kuosha deli la chanjo.

Ng'ambo ya mto, Jumatano. Niliondoka nyumbani kukipambazuka, deli limefungwa nyuma. Nilichojifunza katika wiki ile kinaingia kwenye kiganja. Ufupi wangu haukuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye jicho langu lililozoea mnada. Na kuna watu waliokwisha kuvuka pale unapokwama, wanaosubiri tu upige simu. Kama wewe ni mfupi na unatafuta pikipiki ya kwanza, panda, kaa, tafuta mguu mmoja, uliza imeongezwa nini na kwa mzigo wa nani. Na kama una shangazi, mshukuru leo.

Boma la kwanza lilikuwa la Mama Ngolo, mjane mwenye ng'ombe kama thelathini. Nilizima injini nje ya zizi. Alikuwa ameshaanza kuuvuta ule mti wa miiba unaoziba mlango, ng'ombe wamesongamana nyuma yake. Tukasalimiana, mwangaluka kwa mwangaluka. Akachungulia nyuma yangu, barabarani, akimtafuta mtu.

"Umeletwa na nani?"

"Nimekuja mwenyewe, mama."

Aliitazama pikipiki, akanitazama mimi kuanzia kofia hadi gambuti, safari ambayo si ndefu. Kisha akaushika tena mti wa miiba kwa mikono miwili na kuurudisha mlangoni. Ng'ombe wote walikuwa bado ndani.