Pua ya Mzee Mpira

Kazini tunamwita Mzee Mpira, maana miaka ishirini na miwili ndiye anayeshika mpira wa lori la kunyonya vyoo. Mimi ni dereva wake. Mimi nakaa kwenye kiti, yeye anasimama kwenye uvundo.

Mwaka huu pampu iliharibika, tukashinda yadi wiki tatu tukicheza drafti bila kugusa shimo. Nyumbani mzee hakusema kwamba kazi imesimama, aliogopa kuitwa mvivu. Jioni ya kwanza alirudi mkavu kabisa, lakini binti yake aliyetoka kujifungua alimfunika mtoto uso.

"Baba, jamani! Oga kwanza."

Akaoga. "Bado, baba." Akarudi bafuni, akajisugua upya. "Bado." Siku zikapita, mjukuu hajampakata hata mara moja.

"Ananusa kazi yangu, si mimi," aliniambia, machozi yakimlengalenga.

Nilipandwa na hasira. "Mdanganye, mzee! Sema umehamishiwa stoo ya sabuni."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamsindikiza nione itafika wapi. Alitangaza uhamisho pale pale mlangoni, na ovaroli yake ile ile. Binti akamsogelea, akavuta pumzi.

"Mama, njoo unuse! Baba ananukia sabuni!"

Akampa mtoto. Mzee alimpakata mpaka mikono ikafa ganzi, nami nikarudi kwangu nikicheka peke yangu. Kumbe pua hunusa kile ilichoambiwa!

Jumatatu pampu ikatengenezwa, tukarudi mashimoni. Hapo kicheko kikaniisha. Mzee alianza kuoga yadini, kisha kwa dada yake, kisha tena kwake, akijisugua kwa jiwe mpaka vidole vikachubuka. Binti alisikia sabuni tu. Lakini mzee alijua alikotoka. Akisema ukweli, mtoto atafunikwa uso tena. Akinyamaza, harufu anaisikia peke yake.

Jana nilimfikisha kwake. Binti akatoka na mtoto, akamnyooshea. "Haya, nenda kwa babu yako wa sabuni."

Mzee akainua mikono. Akainusa. Akaificha nyuma ya mgongo.

"Mpe bibi yake."

"Baba, vipi tena? Mbona unanukia vizuri?"

"Nanuka, mwanangu," akasema, akirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. "Mwondoe mtoto. Nanuka."