Shingo ya Dapi Langu

Akina mama wa kanisa tulitoka Kendu Bay alfajiri, tukafika Migori kuona sanaa zinazowekwa katika jengo kuukuu la mawe kando ya mto, lililokuwa kinu cha pamba zamani. Mimi nilifuata matembezi tu. Shule niliiacha darasa la tatu.

Chumba cha pili miguu ikagoma. Dapi langu, chungu cha maji nilichofinyanga mwenyewe, lilikuwa juu ya meza, limewashiwa taa yake peke yake. Kadi ilisema: Mfinyanzi hajulikani.

Hajulikani! Shemeji yangu anajua, yule aliyemfuata marehemu mume wangu kuzaliwa. Wiki ya matanga alinikata kidole cha kati kwa panga kwa sababu nilikataa kuhama. Akasema sasa sitafinyanga tena. Nikafinyanga. Akarudi na wenzake, nikatoka na nguo za mwilini, vyungu vikabaki. Kumbe aliviuza, akidai ni vya nyanya yake; hayo niliambiwa baadaye pale pale.

Nikanyoosha mkono.

"Mama, hapa hatushiki vitu!" msichana mlinzi akaruka.

"Nashika changu."

"Eh, ameanza!" mwenzangu mmoja akacheka. "Tutafukuzwa hata soda hatujakunywa."

Nikamweleza yule msichana. Kwetu mfinyanzi humalizia shingo kwa kubonyeza kucha za vidole vinne kwa pamoja, akizunguka. Tazama hili: moja, pengo, mbili. Moja, pengo, mbili. Nikaweka kucha zangu kwenye alama. Zikaingia zote. 

Msimamizi akaitwa. "Una karatasi ya kuthibitisha, mama?"

"Mtafute mwingine aliyekatwa kidole hiki, umpe udongo, tuone."

Akautazama mkono wangu, akalitazama dapi, kisha akauliza kwa upole kama nataka kulichukua.

"Likae. Lakini kadi ibadilike kabla gari letu halijaondoka."

Msichana akaandika jina langu. Nikalisoma herufi moja moja. Alikuwa ameruka jina la baba yangu. Nikamrudisha, akaandika upya. Wenzangu wakapiga vigelegele mpaka watu wa vyumba vingine wakaja kuona kuna nini.

"Na mwizi?" nikauliza. "Mbona yeye hayupo kwenye kadi?"

Msimamizi akasema kadi ni ya msanii tu, mwizi haandikwi.

Sawa. Basi mimi nimemwandika hapa, katika hadithi hii.