Odowa ya Nyar Karungu

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya madini, pale Homa Bay, nilipewa nyundo, gunia na amri moja. "Usigonge jiwe kabla hujaliangalia," aliniambia Afisa wa Jiolojia, mtu mrefu aliyenyoa ndevu kila asubuhi hata tukilala hemani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo nikieleza jambo vibaya hapa, kosa ni langu, si lake.

Kazi yangu ilikuwa kubeba sampuli, yaani vipande vya mawe na udongo vya kupelekwa maabara. Tulianza Ndhiwa, kisha tukahamishiwa Migori, kwenye mgodi wa shaba uliofungwa miaka michache baada ya Uhuru. Wenye mgodi waliacha mashimo na uwanja mpana wa makapi, yale mawe yaliyosagwa na kutolewa shaba hadi yakabaki mchanga wa manjano. Afisa alinieleza kwamba mna salfa ndani yake. Mvua ikinyesha, maji huwa makali, huyeyusha madini yaliyobaki na kuyateremsha kijitoni. Kijito chenyewe kilikuwa na rangi ya kutu. Ng'ombe walikuwa wakikinusa, wanageuka.

Jioni moja nilimwona Nyar Karungu akitoka kwenye makapi na gunia kichwani. Tulimwita hivyo, yaani binti wa Karungu, kwa sababu alizaliwa huko. Aliuza odowa sokoni, yale mawe laini ambayo wanawake wajawazito hutafuna. Nilishtuka. Mke wangu alikuwa mjamzito, na odowa yake aliinunua kwa mama huyo huyo.

Nilimwambia aache.

"Niache?" akacheka. "Na wewe unayetafuna udongo wa serikali?"

Ni kweli, Afisa alikuwa amenifundisha kusaga udongo kidogo kwa meno ili nijue kama una mchanga.

Asubuhi nilimweleza Afisa. Nilijichunga: sikusema mama anachimba makapi, nilisema nimemwona akitoka huko na gunia. Lakini mke wangu, niliyemsimulia usiku ule, alikuwa ameshamwambia jirani, na kufikia siku ya soko ikawa Nyar Karungu anauza sumu. Hakuna aliyenunua. Alikuja hemani kwetu, watu wakimfuata.

"Wewe karani wa mawe! Watoto wangu wanakula kwa hii biashara. Uliniona nikichimba?"

"Sikukuona ukichimba, mama."

"Basi uliona nini?"

"Gunia."

"Jameni, ameona gunia!" Watu wakacheka. Mimi mwenyewe karibu nicheke.

Afisa hakucheka. "Mama, tupeleke unakochimba," akasema, "halafu tufuate odowa kila inapopita."

Alitupeleka mlimani, mbali kabisa na mgodi. Jiwe la huko lilionekana safi, na nilianza kuona aibu. Kisha tukateremka naye hadi kwenye makapi. Hapo akamwaga gunia, akatandaza odowa juu ya ule mchanga wa manjano.

"Naanika hapa," akasema. "Ni tambarare, na mbuzi hawaji. Hakuna nyasi."

Afisa akachuchumaa. "Na kwa nini hakuna nyasi, mama?"

Nyar Karungu akautazama uwanja wote. Halafu akaanza kuokota odowa, moja moja.

Tulipeleka sampuli maabara, na majibu yalichelewa sana. Odowa iliyotoka mlimani haikuwa na madini ya mgodi. Iliyoanikwa kwenye makapi ilikuwa nayo. Afisa alikwenda sokoni mwenyewe kueleza, mimi nikitafsiri kwa Dholuo. "Sijasema odowa ni chakula," alisema. "Nasema mgodi haumo ndani ya hii ya mlimani." Wateja walirudi polepole. Nyar Karungu akahamia kwenye mwamba nyuma ya nyumba yake, akifukuza mbuzi mchana kutwa na kunilaani mimi kwa kila mbuzi.

Mke wangu alijifungua msichana, salama. Kama ile odowa ya kwanza ilimdhuru au la, sijui, na sitajifanya najua.

Sasa nimestaafu. Nilipopita mgodini mara ya mwisho, nyasi chache zilikuwa zimeota ukingoni mwa makapi. Niliinama nikaziangalia kwa muda mrefu, nikafurahi, ingawa sehemu kubwa bado ni kavu.

Binti yule sasa ana mimba. Juzi alileta odowa nyumbani. Nilichukua moja, nikaigeuza mkononi.

"Imeanikwa wapi hii?"

Mama yake akamjibia kutoka jikoni: "Mwambie ni penye mbuzi, baba yako apate kulala."