Mkamwana Hawezi Kuwa na Presha

Kwa wakwe zangu, wafugaji wa huko nyuma ya Nkwenda, presha ni ugonjwa wa mawazo. Haiji yenyewe, huletwa na mtu. Mke akipata presha, majirani hawaulizi anakula nini, wanauliza anaishi na nani. Mimi mtoto wa wakulima wa Bugene hilo sikulijua mpaka liliponiangukia.

Mimba ilikuwa ya miezi saba. Muuguzi wa zahanati alinipima, akasema presha imepanda, niende hospitali siku hiyo hiyo. Mama mkwe, aliyenisindikiza, alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Huyu? Mawazo gani? Kwetu anakosa nini?"

"Mama, sijasema mawazo. Nimesema presha."

"Ni kitu kimoja. Twende, mwanangu."

Tukarudi nyumbani. Tangu hapo kazi ya ukoo mzima ikawa kuthibitisha kwamba nina furaha. Niliondolewa jembe na ndoo. Nikanyweshwa maziwa asubuhi na jioni, na wageni wakaitwa waje kunitazama. Uso ulipovimba na miguu ikakataa viatu, wakasema nimenawiri. Mama mkwe alikuwa akiwaonyesha mashavu yangu kwa fahari. Kichwa kilikuwa kinanipasuka. Nilipomwambia mume wangu, aliniomba nitabasamu kidogo mbele za watu. Nilitabasamu, nikamchukia.

Hospitali nilifikishwa baada ya kuanguka kifafa. Nilipozinduka, daktari alitueleza kuwa ni kifafa cha mimba, na chanzo chake ni ile presha. Mkojo ulikuwa umejaa protini. Damu nayo ilionyesha chembe nyeupe zimeongezeka, mwili unapambana kama wa mtu mwenye jipu kubwa ndani, ila jipu lenyewe halipo. Akasema hata mwanamke mwenye raha zote duniani huupata ugonjwa huu. Mama mkwe alikuwepo, alisikia kila neno.

Mtoto, wa kiume, alitolewa kwa upasuaji. Hakulia.

Kila aliyekuja nyumbani kutupa pole aliambiwa na mama mkwe kwamba kitovu kilimzonga mtoto shingoni. Alilisema bila kupepesa macho, nami nimekaa pale pale na mshono wangu. Mume wangu akaitikia. Neno presha halikutajwa. Mwanangu alikufa ili nyumba ya watu isisemwe vibaya, na kweli, haikusemwa.