Siku Niliyogawa Supu Harusini Badala ya Kuimba

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile ya harusi pale Mlowo ningepata shimo ningejifukia mwenyewe.

Bendi yetu si mnaikumbuka? Kuna kipindi Tunduma nzima ilikuwa yetu, bodaboda wanapiga nyimbo zetu, saluni wanapiga, hadi ng'ambo Nakonde kwa Wazambia tunaitwa, halafu sijui nani alituloga (najua, ni majivuno yangu) tukapotea kabisa, wa gitaa na wa dramu wakaenda zao, nikabaki mimi, Osia wa kinanda na Tatu, mwimbaji wetu. Tatu akaniambia wazi, "Kaka, hii harusi ikibuma, mimi narudi Vwawa kushona." Na bila Tatu hakuna bendi, sauti yangu mnaijua.

Basi nikasema lazima tung'ae. Nikaingia kwenye mitumba nikaokota vizibao vyekundu na tai za kipepeo, vyote vinafanana, safi kabisa! Kufika ukumbini, nakuta wagawa chakula wote wamevaa vizibao vyekundu na tai za kipepeo.

Tatu na Osia wakavivua palepale. Mimi nikagoma (staa anavuliwaje nguo?), na kabla sijafika jukwaani shangazi wa bwana harusi akanidaka, "We mwanangu, mbona umesimama tu? Supu ya wakwe hiyo inapoa!" Nikamtazama nikingoja anitambue, wapi! Ningesema tu, "Shangazi, mimi mwanamuziki," yangeisha, lakini nikaona aibu kujitambulisha, mtu mkubwa kama mimi! Nikabeba sinia la mabakuli. Meza ya kwanza, meza ya pili, nikaanza hata kusifiwa, "Huyu kijana ana adabu."

Mara MC akaita bendi. Nikakimbilia jukwaani, sinia bado mkononi, mwenyekiti wa kamati akanivuta kizibao kwa nyuma, "Shuka wewe, wazee hawajala!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nikageuka nijieleze, sinia likaniponyoka, supu yote kwenye viatu vya mwenyekiti. Nikamwona Tatu ameinamisha kichwa. Nikajua bendi nimeiua mwenyewe.

Kumbe anacheka! Akashika maiki huku machozi yanamtoka, "Jamani mwachieni, huyo ndiye bosi wetu," akaanzisha ule wimbo wetu wa zamani, na haki ya Mungu, kilipofika kiitikio watu wote waliimba, bibi harusi kasimama juu ya kiti, mwenyekiti kavua viatu anacheza na soksi zake za supu. Nilifurahi mpaka nikasahau kuona aibu.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza Tatu, kwa woga, kama bado anawaza cherehani.

"Niondoke niende wapi?" akasema. "Miaka yote hii, Kaka, leo ndiyo mara ya kwanza nakuona unamhudumia mtu."

Nimekoma. Siku hizi nikiingia ukumbini naanza na, "Shikamooni, mimi ni wa bendi," hata kama hakuna aliyeniuliza.