Sahani ya Jirani Hairudi Tupu

Enzi zetu sisi tuliokulia ughaibuni, Ilford, ikikaribia saa ya futari mtoto hakai kitako. Mama anakutia sahani mkononi, imefunikwa vizuri. "Mpelekee Babu juu. Na ukidokoa hata kaimati moja, n'tajua!" Na alikuwa anajua kweli. Pua ya mama yangu ilisikia harufu ya mkate wa kumimina unaoungua Birmingham.

Babu Alok wa flati ya juu alikuwa Mbengali, mtunzi wa nyimbo za mapinduzi. Mwembamba huyo, akikaa upande humwoni. Lakini sauti! Akiimba, mabasi huko barabarani yanasimama yenyewe. Kwao walimfunga kwa nyimbo zake, akatoka akatunga nyingine, wakamfunga tena. Jela akishatunga anakariri, halafu karatasi anaitafuna isije ikakamatwa. "Nimekula nyimbo nyingi kuliko wali," akitwambia.

Sasa kwetu na kwao mila ni moja, sahani ya jirani hairudi tupu. Na Babu kupika hajui, hata maji yakimuungulia. Basi anatunga wimbo, ananiimbia pale pale mlangoni, kisha anauandika karatasini na kuuweka kwenye sahani. "Mpe mama. Mwambie umeiva." Mama akiupokea kwa mikono miwili, utadhani biriani.

Mwaka mmoja Babu akapata kiharusi, sauti ikakatika. Binti yake, Mita, akaja kwetu analia. "Anti, nimepekua nyumba nzima, hakuna hata wimbo mmoja! Ile tabia ya jela, haweki kitu. Na sasa kusema hawezi. Zimekwisha zote."

Mama akainuka. Akafungua kabati la vyombo, akaanza kutoa sahani moja moja. Chini yake, rafu zote zimetandikwa karatasi za Babu.

"Nisamehe, mwanangu. Herufi za kwenu sizijui. Lakini kitu cha jirani hakitupwi, nikakiweka pahala safi kuliko pote."

Mita akacheka huku machozi yanamtoka. Tukapanda juu mbio. Akaanza kusoma, lakini kuimba hajui. Maneno anayo yeye, mahadhi ninayo mimi niliyesimama mlangoni Ramadhani sita. Tukaunganisha hivyo hivyo, mimi sielewi hata neno. Mkono wa Babu ulio mzima ukawa unapiga mdundo juu ya sahani yetu iliyokuwa pembeni yake, na pale nilipokosea akapiga kwa nguvu zaidi.

Wanangu mimi wanaagiza chakula kwa simu, kinaletwa ndani ya plastiki ya kutupa. Ukiwaambia wapeleke sahani kwa jirani wanakutazama kama umewatuma Pemba kwa miguu. Ramadhani iliyopita nikapeleka mwenyewe kwa jirani mpya. Kesho yake akanirudishia sahani imeoshwa, inang'aa, akasema ahsante akenda zake. Mtu mwema, hana kosa. Nami nikabaki nimeishika pale mlangoni, kama nasubiri mtu aanze kuimba.