Mikono ya Kaliza Haikuganda

Ungemzuiaje mwanao asiache chuo, kama maneno yako yote yamo mikononi na picha yako inaganda kila unapoinua kidole?

Hilo ndilo lililomkabili Kaliza, fundi cherehani wa mtaa wa Nyamirambo, asiyesikia tangu utotoni na azungumzaye kwa ishara. Binti yake Shimwa, aliyekuwa akisoma chuo mjini Huye, alikuwa amekwisha kufunga mabegi. Kaliza alimwandikia Mutsinzi, kijana aliyemuungia intaneti, hayo kwa chaki juu ya meza ya kukatia, naye Mutsinzi akazidi kuhangaika na kisanduku cha intaneti ukutani, jasho likimtoka.

Alipomaliza chuo kikuu, kijana huyu aliapa kwamba mtaa mzima utatumia uzi mmoja wa faiba, ule wa kioo unaopitisha intaneti kwa mwanga, kwa wakati mmoja, bila mtu kusubiri zamu. Kila nyumba ingekuwa na mpangilio wake wa mimweko ya mwanga, yaani msimbo wake, na kisanduku chake kingeokota huo tu katika mchanganyiko wote. Wengi walimfungia mlango. Kaliza alimfungulia, akasogeza cherehani ili waya upite.

Sasa picha ya Shimwa kwenye skrini ilikuwa vipande vipande.

"Bwana injinia," Silvère, kinyozi wa jirani, alichungulia dirishani, "wachezaji wangu kwenye runinga wamegeuka matofali. Unajenga nini huko?"

Mutsinzi aliitazama kompyuta yake, uso ukamwaka kwa aibu. Nyumba ya Kaliza na ya kinyozi alikuwa amezipa msimbo mmoja.

"Kosa langu, mzee. Zima kidogo nibadilishe."

"Nazima. Mama aongee na mtoto wake. Goli likiingia, nitasikia kelele za baa."

Mutsinzi alibadilisha, kisha akamwomba awashe tena, kwa sababu picha safi ya mmoja huku jirani amezimiwa haikuwa ndoto yake. Silvère akawasha. Mikono ya Kaliza haikuganda. Ilikemea, ikabembeleza, ikauliza. Shimwa akajibu, akalia, mwisho akacheka. Mutsinzi hakuelewa hata nusu, akawapa mgongo kwa heshima.

Kaliza alipomaliza, aliushika mkono wa Mutsinzi kwa mikono yote miwili. Mutsinzi naye alitaka kumshukuru kwa ule mlango aliomfungulia, akakosa ishara, akainamisha kichwa tu.

Asubuhi iliyofuata alipitia pale. Kwenye skrini ya Kaliza alimwona Shimwa ameketi darasani, benchi la mbele. Mhadhiri alipoingia, msichana alimpungia mama yake, kisha akailaza simu kifudifudi.